Huduma ya Simu Ipimwe kwa Yule Anayekwama

Mazungumzo kwa wakaazi wa Wadi ya Chaani, Eneo Bunge la Changamwe

 

Huduma nyingi za serikali sasa ziko kwenye simu. Zinapotolewa ripoti, hesabu inayotajwa sana ni ya watu waliojisajili na pesa zilizokusanywa. Hesabu hiyo ni muhimu, lakini ina pengo: haimwonyeshi aliyejaribu akashindwa.

Chukueni mfano wa mama muuza samaki anayetaka kulipia leseni. Ukurasa umeandikwa kwa Kiingereza kitupu. Anajaza nambari ya kitambulisho, ukurasa unagoma bila kumweleza amekosea wapi. Bando linaisha. Anaenda saiba, anamlipa mtu amjazie, na pengine anamwachia nenosiri lake. Kwenye ripoti, malipo hayo yatahesabiwa kuwa ufanisi. Kwake yeye, nusu siku ya biashara imepotea na siri yake iko mikononi mwa mtu mwingine.

Ndiyo maana wataalamu hupima kwanza mambo matatu. Je, mtu amemaliza shughuli bila kusaidiwa? Imemchukua dakika ngapi? Amekosea mara ngapi, na katika hatua gani? Kisha huulizwa maoni yake. Kipimo kimoja kinachotumika sana kilibuniwa na John Brooke nchini Uingereza mwaka 1986. Kina kauli 10 tu, na kila moja hupewa alama 1 hadi 5. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Wastani ni 68. Huduma iliyo chini ya hapo inafaa kutazamwa upya.

Kazi hii haihitaji umati wa watu. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, alieleza kuwa kuwatazama watu 5 wakitumia huduma kunaweza kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro. La muhimu ni watu hao ni kina nani. Wote wakiwa vijana wenye simu za kisasa, shida za mzee mwenye kabambe hazitaonekana.

Kenya ina ushahidi wake yenyewe. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliosimamia jaribio wakaona watu wanaitumia kutumiana pesa kwa mahitaji mengine. Huduma ikarahisishwa, na Machi 2007 ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Waliowatazama watumiaji ndio waliojua la kujenga.

Katiba ya 2010 nayo iko wazi. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 232 kinataka huduma za umma zitolewe kwa haraka, kwa ufanisi na bila upendeleo. Kwa hivyo ukurasa wa Kiswahili unaoeleweka si hisani kwa mwananchi.

Wakaazi nao wana sehemu yao. Lalamiko la "mtandao haufanyi kazi" ni gumu kushughulikia. Anayekwama aandike amekwama hatua gani, ujumbe gani umetokea, anatumia simu ya aina gani na ilikuwa saa ngapi, kisha aufikishe ujumbe huo kwa afisi inayohusika. Nambari ya siri asimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa afisa.

Na afisi inayopokea lalamiko isiishie kurekebisha. Imwite yule yule aliyekwama ajaribu tena. Akimaliza peke yake, kasoro imeondoka. Akikwama tena, kazi bado ipo.