KUPIMA MVUA NA MAJI YA KISIMA NI KAZI YA NANI?

Hotuba ya mhandisi wa maji kwa kamati za maji, walimu na wanafunzi wa sekondari, wakimbizi na wenyeji, wa Arua na Koboko



Nimeombwa nieleze mhandisi wa maji husomea nini, na kwa nini huja na vipimo kabla ya kuja na mabomba. Ni swali la haki. Mama mwenye jerikani tupu hafurahi kumwona mtu akiandika namba kwenye daftari. Nitaanza kujibu kwenye foleni ya pampu.

HESABU YA FOLENI

Pampu ya mkono iliyo nzima hutoa lita 17 kwa dakika, yaani karibu lita 1,000 kwa saa. Kipimo cha chini wakati wa dharura ni lita 15 kwa kila mtu kwa siku, na watu wasiozidi 500 kwa pampu moja. Watu 500 wanahitaji lita 7,500. Hizo ni saa saba na nusu za kupampu bila kupumzika. Watu wakiwa 1,000, pampu hiyo inahitaji saa 15. Ndipo wasichana wanapoamka usiku kupanga jerikani na kuchelewa shule, na ndipo ugomvi unapozuka kati ya mkimbizi na mwenyeji. Kwa vijiji vyake, Serikali ya Uganda hupanga watu 300 tu kwa kisima kimoja cha pampu.

Lakini hesabu hii yote inadhani kwamba maji yapo chini, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Je, yapo? Hapo ndipo elimu ya mhandisi wa maji inapoanza.

MAJI YA CHINI YANATOKA WAPI

Sehemu kubwa ya West Nile imekaa juu ya mwamba mgumu wa kale sana. Mwamba mzima haushiki maji. Maji hukaa katika tabaka la juu la mwamba uliooza na katika nyufa zilizo chini yake. Ndiyo maana visima viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana: kimoja kina maji, kingine kikavu.

Maji hayo yalianza kama mvua. Hapa mvua huanza mwezi wa nne, huwa nyingi zaidi kati ya mwezi wa nane na wa kumi, na kiangazi huwa kikali kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu. Kisima kilichopimwa mwezi wa kumi huonekana kizuri. Mhandisi anataka kujua kitatoa nini mwezi wa tatu. Kwa hiyo hupampu mfululizo, mara nyingi saa 24, akiangalia maji yanashuka kiasi gani na yanachukua muda gani kurudi.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi tangu 2016. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai mwaka huo watu wengi walivuka mpaka, na Imvepi ilifunguliwa tena Februari 2017. Maji yaliletwa kwa malori. Lori liliokoa maisha, lakini ni ghali, na barabara ikiharibika kwa mvua halifiki. Baadaye visima vingi viliwekwa pampu za nguvu ya jua na mabomba. Pampu ya namna hiyo huvuta mara nyingi zaidi ya pampu ya mkono, na inavuta kutoka mwamba uleule. Ikivuta kuliko mvua inavyorudisha, kisima hushuka kidogo kidogo, na visima vya jirani vinaweza kushuka nacho.

MIAKA MICHACHE HUDANGANYA

Iko taaluma inayochunguza jinsi mvua, joto na maji ya mito na ardhini vinavyobadilika pamoja kwa miaka mingi. Somo lake la kwanza ni hili: usiamini miaka michache.

Mwingereza H. E. Hurst alianza kazi Misri mwaka 1906 na kuutumikia Mto Nile maisha yake yote. Alichunguza vipimo vya kina cha mto vya Roda, Cairo, vilivyoanza kuandikwa mwaka 622. Mwaka 1951 alitangaza alichokiona: miaka mibaya hupenda kufuatana, na miaka mizuri vilevile. Mtu anayejenga tanki au bwawa kwa wastani peke yake atakwama miaka mibaya itakapofuatana.

Miaka kumi baadaye Nile yenyewe ilitoa ushahidi. Mvua kubwa za kuanzia 1961 ziliinua Ziwa Victoria zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na maji yanayotoka ziwani yakawa karibu mara mbili kwa miaka mingi. Mwezi wa tano 2020 ziwa lilivuka alama ya 1964, na watu wa kando ya Ziwa Albert na Nile walihama nyumba zao.

Mganda Charles Onyutha wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, aliyechukua shahada ya udaktari huko KU Leuven, Ubelgiji, amechunguza mabadiliko kama hayo katika bonde la Nile. Watafiti kama yeye hukutana na shida moja: baada ya miaka ya 1970 vituo vingi vya kupimia mvua Uganda viliacha kufanya kazi. Hapa West Nile, 1979 na 1980, wenyeji waliotupokea walikuwa wenyewe wakikimbilia Sudan na Zaire. Nani angebaki kusoma kipimo cha mvua?

KAMATI NA SHULE ZIFANYE NINI

1. Mvua. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, uliweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika, mwaga. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la shule la mita 10 kwa 6 ni lita 1,200, yaani jerikani 60, ingawa zingine zitapotea njiani.

2. Pampu. Mara moja kwa wiki, asubuhi na alasiri, hesabu mipigo inayojaza jerikani ya lita 20. Ikiongezeka polepole mwaka mzima, huenda mipira imechakaa. Ikiongezeka alasiri tu, au kiangazi tu, kisha ikarudi, huenda maji yanashuka. Pumzisha pampu nusu saa: ikihitaji zaidi ya mipigo mitano kutoa maji, kuna mahali panavuja. Fundi aambiwe yote haya kabla ya kufungua pampu.

3. Daftari. Siku isiyo na mvua andika sifuri. Ukiacha nafasi tupu, asomaye hajui kama mvua haikunyesha au mpimaji hakuja. Daftari likae kwa kamati, na nakala ipelekwe ofisi ya maji ya wilaya.

KWA WANAFUNZI

Anayetaka kazi hii asiogope hesabu na fizikia. Jiografia pia itamsaidia. Baada ya sekondari yapo masomo ya uhandisi Makerere na Kyambogo, na uhandisi wa rasilimali za maji Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Maji cha Dar es Salaam hufundisha mafundi sanifu. Wakimbizi wanaweza kuomba ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa na UNHCR na Ujerumani mwaka 1992. Nafasi ni chache, kwa hiyo matokeo ya mtihani yana uzito.

Mkimbizi anaweza kurudi kwao. Kisima kitabaki na mwenyeji. Daftari lenye miaka kumi ya mvua litamfaa yeyote atakayekunywa hapa. Wanakamati, kila kijiji kichague wapimaji wawili leo kabla hatujaondoka, mkimbizi mmoja na mwenyeji mmoja.