Haya, Hofu na Usonji

Mazungumzo ya leo yahusu vijana wawili ambao, kwa mtu awatazamaye kwa nje, hufanana mno hata huambiwa wote kwamba wana haya au wana kiburi, ilhali batini mwao mna mambo mbalimbali.

Tuwatazame katika stendi ya mabasi ya Bunda asubuhi, makondakta wakinadi Mwanza na Sirari, wachuuzi wakigonga madirisha. Wa kwanza amejitenga kwa hofu: aona kana kwamba kila jicho lamhukumu, na usiku, akiwa kitandani, huyarudia moyoni yale maneno machache aliyoyatamka. Wa pili naye amejitenga, lakini kinachomuudhi ni honi zenyewe, zimwingiazo kama sindano, na mizaha ambayo maana yake haimfunukii. Wa kwanza, akiwa na nduguze pasipo mgeni, aghalabu huzungumza na kucheka. Wa pili hata kwao hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule, na dalili zake zilikuwapo tangu utotoni, ilhali hofu ya mwenzake mara nyingi huanza mtu akaribiapo kubalehe.

Hali hii ya pili ndiyo usonji, ambayo tabibu Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943. Vitabu vya ughaibuni huhesabu kutomtazama mtu machoni kuwa miongoni mwa dalili zake. Nasi tuipokee ishara hiyo kwa tahadhari, maana mtoto wa Butiama ainamishaye macho akimwamkia babu yake ametimiza adabu aliyofunzwa. Heri kuuliza kama alipokuwa mdogo alimwonyesha mama kwa kidole kitu kilichompendeza, na kama aliitika alipoitwa jina lake.

Lakini hali hizi mbili hukutana mara nyingi ndani ya mtu mmoja. Binti mwenye usonji aliyechekwa darasani mwaka hata mwaka hujifunza kuogopa, na hofu hiyo ina msingi, kwani alidhihakiwa kweli. Wengine hukariri salamu na kuiga vicheko vya wenzao. Watu wakawasifu, nao wakirudi nyumbani hujifungia chumbani, wamechoka kabisa. Kwa hiyo ile tiba imzoezayo mwenye hofu kuyakabili ayaogopayo kidogo kidogo haimtoshi mwenye hali zote mbili, kelele zisipopunguzwa na dhihaka zisipokomeshwa. Mwalimu na amruhusu ajibu kwa maandishi, na amwarifu mapema ratiba inapobadilika. Na mzazi mwenye shaka, aendapo hospitalini, amweleze daktari mambo ya mwanawe tangu alipokuwa akitambaa.