Ufunguo Uliobaki Nyuma

Juma lililopita nililetewa barua nisiyoweza kuisoma. Ilikuja kwa kompyuta, imefungwa kwa fumbo, na kompyuta yangu mpya ikanijibu kwa ukavu: hakuna ufunguo wa siri. Mwenye barua ni mzee mmoja mwenye kesi ya shamba. Bintiye, anayesomea kompyuta, ndiye aliyemwandikia. Ndani mlikuwa na majina ya mashahidi, na kesi ilikuwa Jumatatu. Kwenye simu hakutaka kuyataja.

Tangu Mmarekani Phil Zimmermann atoe programu ya PGP mwaka 1991, mtumiaji huwa na funguo mbili. Ule wa wazi ni kama kufuli unalowagawia watu. Yeyote aweza kulibana. Kulifungua ni kwa ufunguo wa siri peke yake, nao haukai posta wala kwa aliyetengeneza programu. Unakaa kwako. Ukipotea, hakuna fundi wa kukuchongea mwingine.

Mimi nilihamisha barua zangu zote kwa flashi, nikajiona nimemaliza. Kumbe GnuPG, programu niliyokuwa nikiitumia, huweka funguo katika jalada lake lenyewe, na kwenye mashine yangu ya Linux jalada hilo jina lake huanza na nukta, kwa hiyo halionekani mpaka ulitafute. Tena tangu toleo la 2.1 la mwaka 2014, funguo za siri haziwekwi tena katika faili la secring.gpg, bali katika jalada la private-keys-v1.d. Anayenakili faili lile la zamani aweza kuziacha funguo zake mpya zote nyuma. Hata Thunderbird ninayosomea barua, tangu toleo la 78 la mwaka 2020, ina ghala lake yenyewe. Usipouingiza ufunguo humo kwa mkono wako, haiujui.

Kompyuta ya zamani nilikwisha kumpa mpwa wangu. Nikampigia usiku ule ule.

"Mwanangu, umeifuta?"

"Bado, mjomba. Nilipanga kesho."

Sikulala vizuri. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake. Niliiamuru GnuPG iorodheshe funguo za siri, na wangu ukatokea. Nikautoa kwa nenosiri lake, nikauingiza katika kompyuta mpya, barua ikafunguka. Majina yalikuwa manne.

Nakala moja sasa iko sandukuni, pamoja na hati ya nyumba. Mzee aliponiuliza mbona nimekawia siku mbili kumjibu, nilimwambia nilikuwa na homa.