Kasia la Mvuvi

Neno shujaa lina asili ya Kiarabu, na kwa muda mrefu limenukia baruti. Nchini Tanzania, Siku ya Mashujaa, Julai 25, ni ya waliokufa vitani: mkuki na ngao huwekwa mnarani, tarumbeta ikalia. Kenya ilitanua maana pale Katiba ya mwaka 2010 ilipoigeuza Siku ya Kenyatta, Oktoba 20, kuwa Siku ya Mashujaa, ili heshima isiishie kwa mtu mmoja.

Upo ushujaa mwingine, usio na tarehe kwenye kalenda. Ulionekana Bukoba, Tanzania, Jumapili ya Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya. Waliowahi kufika ni wavuvi, na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisimulia kwamba aliugonga mlango wa nyuma kwa kasia hadi ukafunguka. Baadaye ukazuka ubishi: mlango ulifunguliwa na yeye au na waliokuwa ndani? Swali la haki kabisa kwa wachunguzi wa ajali, ila halimwondoi kijana majini. Aliwafuata hata marubani kule mbele. Kamba iliyokuwa ikivutwa ili kuwaokoa ikakatika, ikampiga usoni, akazimia. Alizindukia hospitalini. Watu 24 walinusurika. 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili.

Askari huenda vitani akiwa amefunzwa, ana silaha, ana amri. Mvuvi hakuagizwa na mtu. Alikuwa na chombo cha kupigia maji na mazoea ya ziwa, basi. Ushujaa wa kila siku mara nyingi ndivyo ulivyo: ujuzi wa kujitafutia riziki unaogeuziwa kazi nyingine kwa dakika chache, kwa ajili ya watu wasiojuana na mwenye ujuzi huo. Pia hufichua pengo, maana mwenye kasia hutangulia pale ambapo mwenye vifaa hajafika.

Sifa nazo hupenda jina moja. Wavuvi wengine waliovuta watu siku hiyo walibaki kuitwa wavuvi tu. Majaliwa alikabidhiwa shilingi milioni moja na mkuu wa mkoa, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akafundishwe kazi ambayo alikuwa ameshaianza.