RAMADHAN NA MFUKO WA NYUMBANI: BEI ZIKIPANDA, SISI TWAFANYAJE?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yangu katika imani, wewe kijana na wewe mzazi uliyelishika jarida hili mkononi, mada yetu leo ni ya jikoni na ya mfukoni. Huenda ukasema: Ramadhan ni mwezi wa Qur'ani na kisimamo cha usiku, sasa mambo ya unga na mafuta yametokea wapi? Lakini wewe mwenyewe ni shahidi. Mwezi huu twafunga mchana kutwa, chakula cha mchana kimeondoka, na bado nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Ngombeni, Tiwi na Ukunda mpaka Msambweni, Shimoni na Vanga, hutoa pesa nyingi mwezi huu kuliko miezi mingine. Kisha Idd ikipita, deni liko dukani, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, na mume na mke hawasemezani. Hapo ndipo pataka mazungumzo.

1. BEI ZATOKA WAPI?

Kwanza tujue tunapambana na nini. Kuna vitu tulavyo ambavyo bei yake haipangwi Kwale wala Mombasa. Mchele mwingi wa madukani watoka Pakistan. Ngano ya mahamri na chapati, sehemu kubwa yatoka nje. Mafuta ya kupikia hutengenezwa kwa mawese kutoka mashariki ya mbali. Ndio maana vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, sisi huku tuliviona kwenye karai. Na ndani ya Ramadhan ya mwaka huo huo, mwisho wa Aprili, Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake kwa wiki kadhaa. Julai 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200, serikali ikaishusha kwa ruzuku hadi 100, kisha ruzuku ikaondoka na bei ikarudi juu. Mwaka 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ya gari ukapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba ya mwaka huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Petroli ikipanda, matatu ya Likoni yapanda, bodaboda yapanda, na mvuvi wa mashini naye atia gharama yake kwenye samaki.

Kwa hivyo usimgombeze bure mkeo kwamba "pesa wapeleka wapi". Shilingi 500 ya jana si shilingi 500 ya leo. Hata Madina bei zilipanda wakati wa Mtume (s.a.w.), watu wakamuomba awapangie bei, naye hakukubali kuwapangia, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Bei ya soko haiko mikononi mwako. Kilichoko mikononi mwako ni mpango wa nyumba yako, na hilo ndilo utakaloulizwa.

2. PATO LAKO NI LIPI HASA?

Hapa ndipo wengi wetu pwani ya kusini twapotea. Vitabu vya bajeti husema: chukua mshahara wako wa mwezi, ugawe. Lakini kwetu, ni wangapi wenye mshahara ulio sawa miezi yote 12? Kazi za hoteli Diani zina msimu. Disemba mpaka Machi wageni wajaa, na mvua za masika zikiingia, Aprili mpaka Juni, wafanyakazi wa kibarua huambiwa waende nyumbani mpaka waitwe. Mvuvi wa Gazi au Msambweni hupata bahari tulivu wakati wa kaskazi, na kusi ikivuma mashua ndogo hushinda pwani. Mwenye miembe huuza kwa msimu wake. Muendesha tuktuk, muuza vinyago na mama wa viazi karai wote wafuata mkia wa mgeni huyo huyo.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme ndugu yetu apata shilingi 18,000 kwa mwezi katika miezi 8 mizuri, na miezi 4 ya ukame apata 6,000 tu. Miezi 8 ni 144,000. Miezi 4 ni 24,000. Jumla ni 168,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, wapata 14,000. Basi huyu ndugu ni mtu wa 14,000. Si mtu wa 18,000! Akiishi kama mtu wa 18,000 Disemba na Januari, mwezi wa Mei atakuwa mtu wa kukopa. Lakini akiishi kwa 14,000, ataweka 4,000 kila mwezi mzuri, na mwisho wa msimu atakuwa na 32,000. Miezi minne mibaya kila mmoja wapungukiwa na 8,000, nayo jumla ni 32,000. Zimelingana. Pesa zilikuwepo, ila zililiwa mapema.

Ewe ndugu, fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe, leo usiku baada ya tarawehe. Kama huna kumbukumbu ya mwaka mzima, anza na miezi mitatu.

3. SOMO LA NABII YUSUF (A.S.)

Haya si maarifa mageni kwetu. Soma Surat Yusuf. Mfalme aliota ndoto, na Nabii Yusuf (a.s.) akaifasiri: itakuja miaka saba ya kulima na kuvuna, kisha miaka saba migumu itakayokula kilichowekwa. Akawaelekeza wanachovuna wakiache ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula.

Zingatia hapo kwenye masuke. Nafaka iliyo kwenye suke haiharibiki upesi, na pia haipikiki upesi. Ni lazima kwanza uipure. Pesa nazo zataka suke. Pesa iliyoko kwenye simu ni nafaka iliyokwisha kupurwa, mkono wafika wakati wowote, usiku au mchana. Iweke mahali pa kukusumbua kidogo kuitoa: mbuzi wawili kwa shangazi huko Kinango, chama cha kina mama kinachoaminika, mchele uliokwisha kununuliwa, karo ya muhula iliyolipwa mapema. Kwa kuwa bei hupanda, kitu kikavu kilichonunuliwa mapema chaweza kukufaa kuliko noti iliyolala. Na usiogope kwamba kuweka chakula nyumbani ni kukosa tawakkul. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Kilichokatazwa ni mfanyabiashara kuficha bidhaa ili watu wapate shida na bei ipande.

Wala tusiseme mambo yako sawa siku zote. Likoni ilipochafuka Agosti 1997, hoteli za Diani ziliathirika. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, zikaathirika tena. Korona ilipoingia Machi 2020, milango ikafungwa. Na Disemba 2024 uchimbaji madini wa Base Titanium hapa Kwale ulikoma, tena mwisho wake ulitangazwa mapema. Kila neema ya kazi ina tarehe yake, tuijue tusiijue.

4. FUTARI ISIYOTUANGUSHA

Turudi kwenye meza ya futari. Sambusa, kaimati, tambi, bajia, juisi, halafu wali. Jiulize: ni vingapi hapo vyahitaji ngano, sukari na mafuta, yaani vitu vile vile vinavyopanda kila siku? Na ni vingapi vyatoka shambani kwetu? Muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi, mbaazi, kunde, mchicha, mchunga, maembe. Wazee wetu walifuturu kwa hivi na wakasimama usiku kucha.

Hatusemi kaimati ni haramu, la. Twasema kaimati ya Ijumaa ni tamu kuliko kaimati ya kila siku. Qur'ani katika Surat al-A'raf yaturuhusu kula na kunywa, na hapo hapo yatukataza israfu. Na chakula cha futari kinachomwagwa asubuhi ni israfu hata kama muhogo wenyewe ulikuwa wa bure.

Tena jihadhari na kununua kidogo kidogo. Mafuta ya kupima na sukari ya kufungiwa kwenye karatasi hukusaidia leo, lakini ukipiga hesabu ya kilo utakuta walipa zaidi. Shilingi 50 kwa siku yaonekana si kitu, lakini ni 1,500 kwa mwezi na 18,000 kwa mwaka. Kama nyumba moja haiwezi gunia, nyumba tatu zaweza. Changeni, nunueni pamoja kwa jumla, mgawane kwa kipimo mbele ya wote.

Na kuna jambo husahauliwa mpaka usiku wa Idd: zakatul-fitri. Ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, na pishi hukadiriwa kati ya kilo 2.5 na 3. Nyumba ya watu saba ni karibu kilo 18 mpaka 21. Iweke kwenye bajeti tangu kumi la kwanza, isije ikashindana na nguo za watoto.

5. DENI

Deni si haramu, lakini ni mzigo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqarah, yazungumzia deni, na amri yake ni kuandika. Sasa angalia kwetu: daftari liko kwa mwenye duka peke yake! Mwenye kudaiwa hana lolote, mwisho wa mwezi ashtuka, ugomvi waanza. Na wewe kuwa na daftari lako, mwandike pamoja, siku ile ile.

Ama mikopo ya simu, hiyo ni balaa iliyovaa kanzu ya msaada. Chukua mfano wa M-Shwari ilipoanza mwaka 2012: ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Wakopa 1,000, walipa 1,075. Ukifanya hivyo kila mwezi, kwa mwaka umetoa 900 na ile 1,000 bado huna. Na hiyo ni hesabu ya dunia tu. Ziada yenye sharti juu ya mkopo waijua hukumu yake, na kama hujui, waulize masheikh kabla hujabonyeza.

6. ANZA WEWE

Bajeti haiandikwi na baba peke yake kisha ikasomwa kama hukumu ya kadhi. Keti na mkeo, yeye ndiye ajuaye unga wa kilo 2 huisha kwa siku ngapi. Waiteni na watoto wakubwa wasikie. Mtoto aliyeambiwa ukweli kwamba mwaka huu nguo ni moja hatolia kama yule aliyefichwa.

Na kupunguza kuanze juu. Mwaka wa njaa Madina, Sayyidna Umar (r.a.), naye ni Amirul-Muuminin, alijinyima samli mpaka watu wapate. Basi baba, kabla hujapunguza maziwa ya mtoto, tazama muguka, sigara na kadi za simu. Shilingi 100 kwa siku ni 3,000 kwa mwezi. Na wewe kijana wa bodaboda unayekaa kwa mama, unakula daku na futari, hivi mchango wako ni upi? Hata mkungu wa ndizi kwa wiki ni heshima.

Lakini mpango usigeuke ubakhili. Surat al-Furqan yawasifu wanaotoa bila israfu na bila choyo, wakawa kati kwa kati. Andika fungu la jirani kwenye daftari lako, hata likiwa kibaba kimoja cha unga. Mjane wa nyumba ya pili naye bei zimempandia, na yeye hana msimu mzuri wa kungojea.

MWISHO

Ramadhan husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2030, inshaallah, itaingia mara mbili: mwanzoni mwa Januari, karo za muhula wa kwanza zikidaiwa, na tena mwisho wa Disemba. Mwenye kuanza daftari mwezi huu atakuwa na miaka ya kumbukumbu mkononi kabla ya hapo. Nunua daftari la kurasa 48, andika kilichoingia upande mmoja na kilichotoka upande wa pili, kila siku baada ya Isha, mpaka siku ya Idd. Kisha keti na ahli zako mlisome pamoja.

Twamuomba Allah (s.w.) atubarikie kidogo tulicho nacho, atukinge na deni linalolemea, atupe riziki ya halali na mikono isiyofumbata, na azipokee saumu zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.