Swali Lililoandikwa: Bao, Go na Kompyuta

Mhadhara wa umma, Matulo, Kaunti ya Bungoma



Nitaanza mbali kidogo. Mwaka 1713 huko Japani, Inoue Dosetsu Inseki, mkuu wa mojawapo ya nyumba nne zilizolea mabingwa wa mchezo wa Go, alikusanya mafumbo magumu ya mchezo huo katika kitabu kiitwacho Igo Hatsuyoron. Go huchezwa na watu wawili kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19. Mmoja ana vijiwe vyeusi, mwingine vyeupe, na kila mmoja anajitahidi kuzingira eneo kubwa kuliko mwenzake. Nyumba ya Inoue ilikiweka kitabu hicho kuwa siri ya kufundishia wanafunzi wake. Fumbo la 120 ndilo lililovuma kupita yote. Limetanda ubao mzima, na swali lake ni fupi: mweusi aanze, ashinde vipi? Bingwa Fujisawa Shuko alilihangaikia sana pamoja na wanafunzi wake, na ufumbuzi ukachapishwa mwaka 1982. Baada yao wapenzi wa Go huko Ulaya waliendelea kulichimba, wakakuta hatua ambazo bingwa hakuziona.

Kisha ikaja kompyuta. Machi 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol michezo 4 kwa 1, na ikaonekana kana kwamba Go imekwisha. Haikuisha. Fumbo la 120 liliipoteza njia hata KataGo, programu yenye nguvu iliyoandikwa na David Wu. Programu hizi hujifunza kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe, mara nyingi kupita kiasi, na maumbo yaliyomo katika fumbo hilo karibu hayatokei kabisa katika mchezo wa kawaida. KataGo haikuwa imeyazoea. Mwaka 2019 Wu akaifundisha upya, safari hii akiianzishia michezo kutoka kwenye fumbo lenyewe na hali zinazotokana nalo. Hapo ndipo ilipoanza kuona, ikaleta hatua ambazo binadamu hawakuwa wamezifikiria.

Naomba mlishike hilo. Mashine iliyoweza kumshinda mchezaji yeyote aliye hai ilihitaji swali la mzee wa karne ya 18, na ililipata kwa sababu mzee yule aliliandika. Sisi tunao mchezo wenye kina cha namna hiyo. Maswali yake hatujayaandika.

Mkisafiri kwenda Nairobi, mkifika Nakuru, shukeni mwone Hyrax Hill, mahali alipochimbua Mary Leakey katika miaka ya 1930. Kwenye miamba pale kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwa safu, na yameshinda mvua na jua hadi leo. Hakuna hata mchezo mmoja uliochezwa pale unaojulikana. Mbao tunazo za kila aina katika eneo hili: ajua ya Wajaluo, giuthi ya Wakikuyu, enkeshui ya Wamaasai, omweso wa Baganda ng'ambo ya mpaka, na Bao la Kiswahili la pwani, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Kinachopotea ni kile alichokiona mchezaji, siku fulani, kete zikiwa zimekaa namna fulani.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Ukiuliza kete 64 zinaweza kukaa kwa namna ngapi katika mashimo hayo, hesabu ya shule inatoa jibu linalokaribia 1 ikifuatwa na sufuri 25. Lilinganisheni na awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal, huko Amsterdam, waliutatua wote kwa kompyuta yenye vichakataji 144. Walipitia hali 889,063,398,406 kwa saa 51, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Kwa mwendo ule ule, kuzipitia hali za bao kungechukua zaidi ya miaka bilioni 50. Nguvu tupu haitatufikisha. Lazima mtu mwenye jicho aseme: tazameni hapa.

Ngoja niwaonyeshe maana ya kutazama. Wanafunzi, andikeni. Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 22 mkononi na kete 10 ubaoni. Safu yangu ya mbele, kutoka kushoto, inasomeka 0 0 0 0 6 2 2 0. Zile 6 zimo katika shimo la 5, liitwalo nyumba. Safu ya mbele ya mwenzangu, nikiitazama kutoka upande wangu, ni 0 2 2 6 0 0 0 0. Safu za nyuma ni tupu. Ili nile, shimo langu lenye kete lazima likabiliane na shimo lake lenye kete, na hapa hakuna yanayokabiliana. Basi sina budi kutakasa, yaani kucheza bila kula. Nyumba siigusi. Naweza kuweka kete moja ya mkononi katika shimo la 6 au la 7, nizizoe zote, nisambaze kushoto au kulia. Njia ni nne tu.

Nikitoka la 6 kwenda kushoto, safu yangu inakuwa 0 0 1 1 7 0 2 0. Kete zangu za shimo la 3 na la 4 zimeingia mdomoni mwake, naye ana mashimo mawili ya kula. Nikitoka la 7 kwenda kushoto napata 0 0 0 1 7 3 0 0, na anaweza kula ile ya shimo la 4. Nikitoka la 6 kwenda kulia, mbele panabaki 0 0 0 0 6 0 3 1, kete moja imepinda hadi safu ya nyuma, naye hana cha kula. La 7 kulia: 0 0 0 0 6 2 0 1, kete mbili ziko nyuma, na bado hana cha kula. Hivyo kulia ni salama kwa zamu moja, kushoto kuna hasara ya papo hapo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulikagua hilo kwa mbegu na mashimo ya mchangani. Lakini hasara ndogo ya sasa yaweza kuwa mtego wa baadaye, na hapo ndipo kompyuta inapoanza kutufaa: inafuata kila tawi bila kusahau kete hata moja.

Kazi imekwisha kuanzwa na wengine. Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar akachunguza jinsi wanavyofikiri, na tasnifu yake ikatoka Leiden mwaka 1995. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, wa Maastricht, waliandika mwaka 2002 kuhusu namna ya kuipangia kompyuta mchezo wa bao. Nawaheshimu sana. Hata hivyo inaniuma kwamba mtu wa Bungoma anayetaka kusoma uchambuzi wa bao lazima aagize maandishi kutoka Uholanzi.

Pale Kitale, makumbusho yalijengwa juu ya mkusanyo wa Hugh Stoneham, mtu aliyekusanya wadudu bila kuchoka. Mdudu wa makumbusho huwekewa kibandiko: amepatikana wapi, lini. Hali ya bao inahitaji kibandiko hicho hicho na karatasi moja: mistari minne ya tarakimu nane, kete zilizobaki mkononi, zamu ya nani, mahali, tarehe, kanuni zilizotumika, na swali la mzee aliyeiweka. Nataka karatasi hizo zikusanywe kuanzia muhula huu. Wanafunzi wa kompyuta wataandika programu, na wazee ndio watakaoweka mafumbo.

Kuna jambo moja la kuamuliwa kwanza, nalo si la wanafunzi. Katika bao, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazoa na kuendelea. Zipo hali ambazo mwendo huo hauishi. Tom Kronenburg, pamoja na Donkers na de Voogt, waliandika kuzihusu mwaka 2006. Mchezaji huchoka akasimama, lakini programu itazunguka daima isipoambiwa la kufanya. Basi wazee wangu, nawauliza kwa heshima: zamu isiyokwisha ihesabiwe vipi? Aliyeicheza ashindwe, watoke sare, au arudishe kete na kucheza upya? Vijana hawa hawawezi kuandika mstari wa kwanza kabla hamjatujibu.