Kinga inakunjika, bariere haikunjiki

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kasongo na Kabambare



Wengine mmetoka mbali, na najua wangapi waliacha kinga kwa jirani juu ya kuogopa wezi. Yangu iko hapa chini ya meza, mnaiona. Tangu wiki iliyopita mnaniuliza juu yake, basi niseme habari yake kwanza, kisha tuingie katika jambo lililotuita.

Ni kinga ya kukunja. Si uchawi, wala si kitu kipya. Jeshi la Ufaransa lilijaribu velo za kukunja miaka ya 1890, na katika vita ya pili ya dunia askari Waingereza wa parashuti walikuwa nazo. Ile yenye jina kubwa mijini, Brompton, ilitungwa London na Andrew Ritchie miaka ya 1970. Mtu wa kule anaipanda mpaka kwenye treni, anaikunja, anafika kazini na kuiweka chini ya meza yake. Brompton mpya inapita dola 1000, kwa hiyo msinitazame hivyo! Yangu ni ya okazioni, ndugu yangu aliipata Lubumbashi.

Nilipokuwa nasoma Kindu ndipo nilielewa faida yake. Kindu mto unaukata mji: Kasuku na Mikelenge ng'ambo moja, Alunguli ng'ambo ingine. Ukilala Alunguli na masomo yako iko upande ule, unavuka Lualaba asubuhi, unavuka tena jioni. Kwenye mtumbwi, kinga nzima inalipiwa kama mtu wa pili, na mwenye mtumbwi ananung'unika kwamba inachukua nafasi. Ikiwa imekunjwa ndani ya mufuko, inaingia kati ya magoti. Hata huku kwetu ni vile vile. Treni inapita Samba na Kibombo, ng'ambo ya magharibi, sisi wa Kasongo tuko mashariki. Mwenye kutaka treni lazima avuke mto kwanza. Pale kitu kinachokunjika kinakusaidia kweli. Usiku pia inalala nawe ndani ya nyumba, na mwizi atafute kwingine.

Lakini nisiwadanganye. Kwa kazi ya huku, kinga hii haifai. Gurudumu ni dogo, likiingia katika mfereji wa matope linakwama mpaka shingoni. Ile bawaba yake ya katikati haikutengenezwa kubeba gunia. Ikivunjika, hakuna fundi katika soko yetu mwenye kipande chake, atakuambia tu tuichomelee, na ikichomelewa haikunjiki tena. Wanaobeba Maniema ya kusini ni wale vijana wa kinga kubwa nyeusi, ya magurudumu makubwa. Wanaongeza chuma kwenye uma, wanafunga fimbo nyuma ya kiti na ingine kwenye usukani, halafu wanasukuma. Hawapandi, wanasukuma! Kilo 150 za mchele, karanga, madumu ya mawese, siku nyingi, mlima na bonde. Wakirudi wanaleta chumvi, sabuni, nguo, dawa. Wakati wa vita gari zilipokoma kabisa, ni wao waliobaki njiani. Goma walisimamisha sanamu ya chukudu katikati ya mji, kuheshimu kile chombo cha mbao kinachobeba viazi. Sisi huku mtu wa kusukuma kinga tunamwita masikini, na wenye diplomi kama mimi tunaona haya kuonekana naye.

Sasa jambo lenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Kabambare. Nilipanda nyuma ya pikipiki, kinga yangu imekunjwa ndani ya mufuko. Kwenye bariere moja kijana mwenye kamba akauliza: "Ile ni nini?" Nikasema mzigo. Akafungua, akaona usukani. Akadai pesa ya mzigo, na juu yake pesa ya kinga! Nikamwambia, ndugu, kitu kimoja hakiwezi kuwa mzigo na kinga kwa saa moja. Akajibu kwamba kwake kinaweza. Nikaomba kartasi. Watu wote wakacheka, hata dereva wangu.

Nimefikiri sana juu ya kile kicheko. Zamani za misafara, watu walitembea kutoka Ujiji, wakapita hapa Kabambare, mpaka Kasongo kwa Tippu Tip, pembe kichwani. Katika njia ile ya bara, kule Ugogo, wenye misafara walilipa machifu kitu kilichoitwa hongo. Ilikuwa malipo ya kupita, na walipatana waziwazi, hata kama walipigania bei siku nzima. Leo neno hongo ni rushwa, na bariere zetu hazina hata yule chifu wa kupatana naye.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu bariere 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini. Ripoti yao waliipa jina lenye maana ya kwamba kila kinachotembea kitatozwa kodi. Maniema haikuwa ndani ya hesabu ile. Kwa hiyo tutahesabu wenyewe. Kila franga inayobaki kwenye kamba, muuzaji anaiingiza katika bei ya chumvi, na mama aliyelima mchele anapunguziwa bei shambani. Wanaolipa bariere ni hata wale wasiosafiri.

Katiba ya 2006 iko wazi. Artikle 174 inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Artikle 30 inatupa haki ya kutembea inchini kwa uhuru. Na artikle 27 wengi hawaijui: kila Mukongomani anaweza kuandikia serkali petisyo, peke yake au na wenzake, na serkali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Tumenunua madaftari. Kila mwenye kusukuma kinga ataandika nafasi, tarehe, kiasi alicholipa, na kama alipewa kartasi ao hapana. Asiyejua kuandika, sisi wenye diplomi tutakaa naye sokoni siku ya kurudi na kumwandikia. Hii ndiyo kazi niliyopata, haina mshahara. Msipige picha. Msigombane na mtu mwenye silaha, lipeni mpite, andikeni mbele. Majina ya watu wetu hayataingia katika petisyo, hesabu tu.

Wale wa njia ya Salamabila wabaki hapa mbele, daftari zenu ndizo za kwanza. Wa ng'ambo ya mto tutaonana nao kesho kwenye kivuko, mapema, kabla ya mtumbwi wa kwanza.